Mjadala: Mwaka 1979 tungeishia Kyaka, au ilikuwa lazima Kampala ianguke?

Wakuu, kila ifikapo Aprili hoja hii ya Vita vya Kagera huibuka: Mwalimu Nyerere alikuwa na haki ya kumtoa Idi Amin Kagera, ila hakuwa na haki ya kumfuata hadi Kampala. Wanaoisema wapo ninaowaheshimu sana, na bado naipinga.

Novemba 1, 1978 Amin alitangaza kwamba ardhi yetu yote iliyo kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Askari wake waliua raia, wakaswaga maelfu ya ng'ombe, wakapora kiwanda cha sukari, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Alipokwisha kurudishwa kwake, Mwalimu aliidai OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) mambo ya wazi: ilaani uvamizi ule, Amin aache kuidai ardhi yetu, na fidia ilipwe. OAU haikumlaani. Anayesema tungeishia Kyaka, hapo kwenye mto Kagera, atueleze nani angewalinda watu wa Misenyi, kule mpakani, Amin asirudi tena mwezi uliofuata.

Tena jeshi letu halikuvuka mpaka wa Mutukula kwa nia ya kwenda Kampala. Lengo la kwanza lilikuwa Masaka na Mbarara, kujibu yaliyofanywa Kagera, na miji hiyo ilitekwa Februari 1979. Gaddafi wa Libya ndiye aliyeleta askari wake kumwokoa Amin, na Machi tukapigana nao Lukaya. Baada ya hapo kusimama njiani kungempa Amin muda wa kuletewa silaha zaidi. Entebbe ikatekwa Aprili 7, Kampala Aprili 11.

Wapo wanaolaumu barabara ya kutoka Kampala kwenda Jinja kuachwa wazi, kwa kuwa Amin aliponyoka. Mimi nausifu uamuzi ule. Walibya walipewa njia ya kutokea, na mji uliojaa raia ukaepushwa na mapigano ya nyumba kwa nyumba. Amin kufia Jeddah mwaka 2003 bila kushtakiwa kunauma, lakini maiti za watu wa Kampala zingeuma zaidi.

Lawama ninayoikubali inaanzia hapo mji ulipoanguka. Maduka na ofisi viliporwa mno. Serikali mpya ilikuwa imeundwa Moshi kwa siku 3 za Machi, na makundi ya Waganda waliokuwa uhamishoni, yasiyoaminiana hata kidogo. Yusuf Lule aliapishwa kuwa rais Aprili 13, akaondolewa Juni 20: siku 68 tu! Godfrey Binaisa aliyemrithi naye akang'olewa Mei 1980, uchaguzi wa Desemba ukamrudisha rais wa zamani Milton Obote, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni. Mabadiliko ya Lule na Binaisa yote yalifanyika askari wetu wakiwa bado Uganda. Kumwondoa dhalimu tulijipanga; Uganda itawaliwe vipi baada yake, hatukujipanga. Nasi tuliilipia vita hiyo takriban dola milioni 500. Tuliambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18, lakini foleni za sukari na sabuni zilitufuata hadi katikati ya miaka ya 1980.

Kwa hiyo nawauliza mnaopinga: mngempa Amin masharti gani pale Kyaka, na nani angemlazimisha kuyatii? Na ndugu zetu Waganda, hasa mliokuwa Kampala mwaka ule, tuelezeni: Lule aliondolewa na baraza la ushauri la serikali yenu wenyewe, au mliona mkono wa Dar es Salaam?