Watoto wanapotea mawazoni katikati ya mechi ya besiboli, nifanyeje?

Jamani naombeni ushauri, nafundisha watoto wa miaka 9 na 10, mazoezini wako poa tu ila mechi ikianza wale wa nyuma kabisa uwanjani wanaanza kuchimba nyasi na viatu, juzi mmoja mpira umempita pembeni yeye kavaa glavu kichwani. Kuwapigia kelele nimejaribu, haisaidii kabisa.

Jibu 1:
Kocha usiwatake wakaze akili mechi nzima, hata mtu mzima hawezi, besiboli muda mwingi ni kusubiri. Wafundishe kuwasha na kuzima. Mrushaji akijiandaa tu, wote magoti yanakunjwa, glavu mbele, macho kwa mpigaji, mpira ukishapita wanapumua, wanatembea hatua mbili wanarudi. Wangu kila mara wanajiuliza "ukija kwangu naurusha wapi?" na huwa nawauliza ghafla, wanajibu!

Jibu 2:
Naunga mkono, ila na akikosea je? Hapo ndo wengi wanapotea, anabeba kosa lake inningi nzima, yaani kipindi kizima cha mechi. Evan Longoria, yule mchezaji wa zamani wa ligi kuu ya besiboli Marekani, alikuwa anaangalia juu ya nguzo ya faulo ya kushoto (ile ya mpaka wa uwanja) ili akili irudi. Mtoto naye achague kitu chake, anakiangalia, anavuta pumzi moja ndefu, basi.

Jibu 3:
Na wabadilishie nafasi, kukaa nyuma mechi nzima bila mpira kunamchosha mtoto yeyote.

Muulizaji:
Asanteni sana, hilo la swali naanza nalo mazoezi yajayo