Kurudia kitabu ulichokipenda: raha mpya au kula kiporo?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Juzi kijiweni jamaa kaniona na kitabu mkononi, akauliza, "Hicho si ulishakisoma?" Nikamwambia ndiyo. Akanitazama kama anayemkuta mtu mzima anashangilia marudio ya mechi ya mwaka juzi. Basi naileta hoja hapa bila kupepesa macho: usomaji wa mara ya kwanza tunausifia mno.

Kitabu chenyewe ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka 1971. Nilikisoma mara ya kwanza nikiwa kidato cha pili, mwaka 1993. Nakala haikuwa na jalada, ilivalishwa gazeti, ikawa inapita bwenini kwa zamu, kila mtu usiku mmoja. Tulisikia kuwa kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na hilo peke yake lilitosha. Nilisoma kwa tochi chini ya shuka, nikirukaruka kutafuta kurasa nilizosimuliwa. Nikazipata. Kesho yake tukacheka mpaka basi, na Rosa tukampa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alipojiua mwishoni sikushtuka. Nilisema kajitakia.

Mwaka jana nikakiona kwenye vitabu vya mtumba vilivyotandazwa chini pale Posta. Safari hii nikaanza mwanzo, taratibu, na sikufika mbali. Kuna pale ambapo baba yake, Zakaria, anagundua barua ambayo mvulana kamwandikia binti. Kipigo anachompa! Zakaria huyo huyo mlevi, anayempiga na mkewe Regina, ndiye kajipa kazi ya kulinda heshima ya nyumba. Nilipokuwa na miaka 15 nilimpita kama unavyompita mtu usiyemjua stendi. Sasa nilikuwa nimekaa sebuleni, na mezani mbele yangu ipo simu ya binti yangu, niliyomnyang'anya saa moja kabla ili nipekue meseji zake.

Nikafunga kitabu, simu nikairudisha kimyakimya. (Meseji zenyewe zilikuwa za kudaiana daftari la Baiolojia.)

Sasa niambieni, ile mara ya kwanza nilisoma nini? Na asije mtu kuniletea habari za kiporo. Maharage ya jana na chai ya asubuhi, wote mnajua yanavyokuwa.

Mdau, Mwanza

Mkuu, ahsante kwa kunimalizia kitabu. Ninacho kabatini, nilipanga kukisoma likizo ya Desemba, na sasa najua Rosa anajiua. Umenilisha kiporo kabla sijaonja chakula cha moto, halafu unatuambia chakula cha moto hakina maana.

Mzee, Unguja

Pole mwanangu wa Mwanza, lakini hukuibiwa kitu kikubwa. Mie tangu ujana nakirudia Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kile kilichoshinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni hadithi ya upelelezi, na kwa hesabu zenu ilipaswa kufa siku ile nilipomjua muuaji. Haikufa. Mara ya kwanza nilikuwa nakimbia tu, nani kaua, nani kaua, huku mpelelezi Bwana Msa anavuta kiko chake na kuzungumza Kiswahili ambacho leo nakisikia kwa watu wachache sana mtaani kwetu. Maneno yale yote niliyaruka. Na mara ya pili ndipo nilipoona mwandishi alivyoniwekea ushahidi mbele ya macho, nami nikaukanyaga nikapita.

Halafu nyinyi hamjapata kuwasimulia watoto? "Hadithi hadithi!" Wao: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Wataka ile ile ya jana. Thubutu kumpitisha sungura njia nyingine uone watakavyokurudisha. Mwisho wanaujua kwa moyo, na bado utamu unakolea.

Mwalimu, Nakuru

Shikamoo mzee. Mimi nafundisha Kiswahili shule ya upili, na natofautiana na nyote wawili. Kama kurudia kungekuwa raha kwa asili yake, wanafunzi wangu wangekuwa watu wenye furaha kuliko wote nchini. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kilipokuwa kitabu teule cha KCSE, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, tulikisoma darasani, tukakidurusu, tukakirudia tena kwa ajili ya mtihani. "Eleza muktadha wa dondoo hili." Nani anamwambia nani, wakiwa wapi, kwa nini. Kufikia muhula wa pili kuna msichana mmoja aliyekuwa amelia aliposoma mara ya kwanza, lakini sasa alikuwa anaorodhesha mbinu za lugha kwa sauti kama karani anayehesabu magunia.

Yule msichana ndiye anayenifanya niheshimu mara ya kwanza. Machozi yale hayakurudi, na mimi nilikuwa na mkono katika kuyakausha.

Mzee, Unguja

Mwalimu, hiyo ya mtihani ni kudurusu. Kudurusu na kurudia si kitu kimoja. Kudurusu unatumwa.

Mdau, Arusha

Mimi hoja yangu ni ya mfukoni. Waandishi wa Kiswahili wanaotoa kitabu leo wanalia hawauzi. Kila anayerudia cha 1971 ni mnunuzi mmoja aliyepotea. Na hicho cha mtumba cha Posta hakijampa senti mwandishi wala warithi wake.

Mdau, Dodoma

Mleta mada, simulizi yako ni nzuri, lakini haithibitishi unachodai. Kilichobadilika ni wewe. Mwaka 1993 ulikuwa kijana, leo ni baba. Ungekuwa hujawahi kukigusa kitabu hicho, ukakisoma kwa mara ya kwanza mwaka jana na ile simu ipo mezani, ungemwona Zakaria vile vile. Sifa unampa kurudia, wakati anayestahili ni umri. Tena ile mara ya kwanza hukusoma, ulikuwa unachungulia. Huwezi kuihukumu.

Mleta mada

Dodoma umenibana, na sehemu nakubali. Kuchungulia ni kweli nilichungulia.

Lakini ningekisoma kwa mara ya kwanza mwaka jana, ningemwona Zakaria peke yake. Nisingemwona yule kijana wa kidato cha pili anayecheka. Nilipofika mwisho, pale mchumba wake Deogratias anapomkataa Rosa kwa sababu si bikira, niliisikia sauti yangu mwenyewe ikisema "kajitakia". Aibu ile umri hauwezi kuileta peke yake. Lazima uwe ulishapita hapo ukacheka. Kwa hiyo labda niirekebishe hoja: ile mara ya kwanza ilikuwa na kazi yake, ila kazi yenyewe niliijua baada ya miaka thelathini.

Arusha, kuhusu mfuko sina la kujitetea. Taja kitabu kipya kimoja nikanunue mwezi huu.

Mwalimu, yule msichana mwachie miaka kumi.

Mdau, Mwanza

Jamani, sikungoja Desemba. Nimekianza usiku huu. Nimefika pale kwenye barua, na mimi sina mtoto wala sijaoa, lakini Zakaria nimemwona tangu anapoingia. Tatizo ni kwamba sijui kama nimemwona mwenyewe, au ni mleta mada aliyenipigia mstari kabla sijafungua. Narudi kusoma. Mtu asiniandikie kitu mpaka nimalize.