Waja Leo (zamani: Arobaini ya Babu)

JUMANNE

19:02 - Zu alibadilisha jina la kikundi kutoka "Arobaini ya Babu" kuwa "Waja Leo"

19:03 - Zu: Jamani nimebadilisha jina, msidhani mmepotea. Kikundi ni kile kile, nimechoka kufungua vipya mnavyovikimbia baada ya siku mbili

19:05 - Zu: Jumamosi saa tatu usiku tunaanza kucheza Mage. Mwanaidi hapo Muscat kwako saa nne. Kaka Salum huko Minneapolis ni saa saba mchana, usiniambie umelala. Kila mtu alete mhusika wake HAPA kabla ya Alhamisi haijaisha nimwone kwa macho yangu. Mwaka jana mlikuja na majina matupu

19:07 - Zu: Kwa wageni: Mage ni mchezo wa mezani wa kuigiza, kila mtu na mhusika wake, mimi nasimulia, dadu zinaamua. Ni wa Marekani, umetoka 1993. Dunia ni hii hii ya leo, simu, daladala, luku imeisha. Ila wewe umeshajua kwamba ukweli unapindika. Ukiupinda kwa ujanja, watu wakaona ni bahati tu, umepona. Ukipaa juu ya Chumbageni jua la utosi watu wanakutazama, Paradoksi, yaani adhabu ya kuupinda ukweli waziwazi, inakurudia wewe. Mji wetu ni Tanga. Nasema mapema, asije mtu na New York

19:07 - Zu: Pointi za kumjenga mhusika zile zile. Sifa 7/5/3, ujuzi 13/9/5, ziada 15. Arete ni kiwango cha uchawi wako, Nyanja ni aina zake: Akili, Bahati, Nguvu, Umbali, Uhai

21:48 - Hamza: Tanga na uchawi mnahitaji kitabu cha Mmarekani 😂

21:50 - Zu: Hamza mhusika wako yuko wapi

21:57 - Hamza: Niko kwenye mwendokasi nimening'inia kama popo, nikishuka

22:31 - Shangazi Rehema: Asalaam alaykum wanangu. Hizo 15 za ziada zinatumwa kwenye namba ya nani

22:33 - Zu: Waalaykum salaam, shikamoo shangazi. Sio mchango, ni mchezo

22:33 - Hamza: Shikamoo shangazi

22:34 - Mwanaidi: Shikamoo shangazi yangu

22:40 - Asha Mdogo: Shikamoo shangazi

22:41 - Shangazi Rehema: Marahaba. Mie nilidhani ni kisomo cha mwaka.

22:52 - Hamza: Ujumbe huu umefutwa

22:53 - Shangazi Rehema: Nimeshausoma Hamza.

23:36 - Twaha: Shikamoo shangazi

JUMATANO

06:10 - Mwanaidi: Wa kwangu huyu. Bi Tausi binti Omari, miaka 58, ana meza ya kanga Ngamiani, barabara ya kumi na nne. Akimkunjulia mteja kanga akalisoma jina kwa sauti, jina linashika. Kwa hiyo hasomi ovyo. Kuna mama alimjia analia, Bi Tausi akamwonea huruma akamsomea "Japo sipati tamaa sikati". Yule mama mpaka leo anamngoja mume aliyeondoka na lori la machungwa kutoka Muheza. Kila usiku anapakua sahani mbili. Bi Tausi anaijua dhambi yake. Na kila akisoma, kanga moja pale mezani herufi zake zinafutika, inabaki pindo na mji mtupu. Anazo kumi na moja zisizo na jina, amezificha chini ya meza. Akili 2, Bahati 2, Arete 2

06:15 - Zu: MNAONA? Hiki ndicho ninachotaka

06:58 - Hamza: Anisomee "Mdhaniaye ndiye kumbe siye" nimpelekee mwenye nyumba

07:40 - Salum: Mimi nina Shauri, dereva wa daladala ya Amboni. Kwenye tairi la akiba ana mzinga. Nyuki wenyewe uzao wa wale wa Novemba 1914, Waingereza wameshuka na askari wao wa Kihindi kuja kuuchukua mji kwa Wajerumani, nyuki wakawapokea. Trafiki akisimamisha gari anatoka nyuki mmoja tu

07:44 - Hamza: Mmoja trafiki haondoki. Atauliza na asali iko wapi

07:45 - Zu: Nyuki mmoja ni bahati, nakubali. Kundi zima likitoka mbele ya abiria ni Paradoksi, ukasimulie polisi. Hamza bado wewe

13:20 - Hamza: Fundi Chidi. Ana kibanda cha simu stendi. Nguvu 4. Akikasirika anakata umeme mkoa mzima. Arete 1

13:22 - Zu: Haiwezekani. Nyanja haipandi ikaipita Arete. Arete unaanza na 1, ukitaka kuipandisha ni pointi 4 kila doti, mwisho 3. Ukifika 3 umeshakula 8 kwenye zile 15. Zinabaki 7, ambazo ni bei ya doti moja tu ya Nyanja. Nne hupati ng'o

13:25 - Hamza: Umeme mbona unakatika bila Arete

13:25 - Hamza: Halafu mnanidai. Mwaka jana nilitoka kununua luku nikarudi nimekufa

13:26 - Zu: Mambo ya Pangani haturudii

13:27 - Hamza: Salum ndiye aliyenirushia dadu

13:31 - Mwanaidi: Kwani hukuaga

13:33 - Hamza: Dadu zenyewe za pande kumi nimezunguka Kariakoo nzima wananipa za ludo. Mmoja kaniuliza nataka za nini, nikamwambia uchawi, akaniombea dua pale pale

13:34 - Zu: Vikaratasi kumi kwenye kikombe, changanya, chota. Umemaliza. ASHA MDOGO, TWAHA, KIBWANA. Naona mnasoma

ALHAMISI

20:00 - Zu: Kibwana

21:15 - Zu: Kibwana Dodoma hakuna mtandao?

23:20 - Kibwana: Samahani dada Zu, nina mitihani. Mhusika wangu ni Mzee Mashaka, miaka 81, anakaa Makorora, anatembelea baiskeli ya mkulima. Hana uganga wa makelele. Ana kijaluba cha fedha, kifuniko kimebonyea upande wa kushoto, bawaba imekatika imefungwa na uzi wa kijani. Watu wanadhani anawekea tambuu. Ndani mna vikaratasi vimekunjwa vidogo vidogo, kila kimoja kina jina la mtu aliyekosana naye. Akikisoma, yule mtu popote alipo anaacha anachokifanya, anamkumbuka. Basi, hakuna zaidi. Kuna kimoja kiko chini kabisa hajawahi kukifungua. Umbali 2, Akili 2, Arete 2. Kabla ya kusema neno zito anakohoa mara mbili

23:24 - Zu: Kibwana umeniua. Tunaanzia kwa huyu. Kikao cha kwanza kinafunguka na hicho kikaratasi cha chini

23:26 - Mwanaidi: Hicho kikohozi nakijua 😢

23:30 - Salum: Na baiskeli pia

23:31 - Zu: Hamza umemwona Mzee Mashaka? Hamza?

IJUMAA

05:48 - Shangazi Rehema: Kibwana. Uzi ule wa kijani niliufunga mimi, wiki aliyolazwa. Hakuuona mtu ila mimi na yeye, na aliyekichukua.

05:51 - Shangazi Rehema: Baada ya arobaini tuliulizana humu humu. Pandeni juu mkasome. Ulisema hujakiona.

05:59 - Kibwana: Ujumbe huu umefutwa

06:04 - Kibwana: Ujumbe huu umefutwa

06:30 - Zu: Shikamoo shangazi. Labda ameotea tu, wahusika hawa wanatungwa

06:31 - Shangazi Rehema: Zubeda nyamaza.

08:02 - Hamza: Mimi begi langu lilifunguliwa stendi, abiria wako dirishani. Boksa zangu zikapangwa juu ya buti la basi moja moja

08:03 - Hamza: Nilicheka kwa sababu mlikuwa mnacheka

08:19 - Asha Mdogo: Nani alilifungua?

08:20 - Hamza: Muulize msimulizi

08:26 - Zu: Niliagizwa

08:27 - Hamza: Kukagua uliagizwa. Kupanga hukuagizwa

08:41 - Mwanaidi: Jamani Ijumaa hii

09:10 - Kibwana: Shikamoo shangazi. Alinipa mwenyewe. Usiku nilipokuwa zamu yangu ya kumlinda. Alisema nikae nacho, nisikitoe mpaka niulizwe kwa jina langu. Humu iliulizwa "nani amekiona", nikanyamaza, halafu Twaha akanitaja kwa utani nikaandika sijakiona. Kaka Hamza nisamehe. Kila siku nilikuwa nataka kusema

09:12 - Twaha: Mie tena?

09:15 - Shangazi Rehema: Na karatasi

09:15 - Kibwana: Zimo

09:16 - Shangazi Rehema: Umezisoma

11:47 - Kibwana: Moja

12:02 - Hamza: Ya chini?

12:40 - Shangazi Rehema: Hamza usiulize. Kibwana usimtajie mtu hilo jina, hata mimi usiniandikie. Kesho panda basi la asubuhi ukilete mwenyewe mkononi. Nauli nimeshakutumia.

12:41 - Kibwana: Shangazi Jumatatu nina mtihani

12:41 - Shangazi Rehema: Jumapili utarudi.

12:44 - Shangazi Rehema: Hamza mwanangu, na wewe uje. Ninalo la kukwambia na si la humu.

12:46 - Shangazi Rehema: Na huyo mzee mliyemtunga asife huko mchezoni.

13:30 - Zu: Shangazi, kwenye mchezo dadu ndizo zinazoamua, mimi nasimulia tu

13:31 - Shangazi Rehema: Nimesema.

13:32 - Zu: Sawa shangazi

13:32 - Mwanaidi: Sawa shangazi

13:50 - Asha Mdogo: Sawa shangazi

17:05 - Zu: Sasa jamani, kesho Kibwana atakuwa kwa shangazi. Tuanze bila Mzee Mashaka, au tusogeze Jumapili usiku akisharudi? Nijibuni kila mtu

17:40 - Mwanaidi: Jumapili nina zamu ya usiku. Kesho naweza. Ila kesho kucheza nani ana moyo

17:41 - Zu: Tutakutana tu basi, hata bila kurusha dadu

17:58 - Zu: Hamza unakwenda Tanga?

19:20 - Hamza alitoka kwenye kikundi

19:22 - Zu alimwongeza Hamza

19:23 - Hamza: Nilibonyeza vibaya

19:49 - Salum: Ndiyo naamka, nilikuwa zamu ya usiku, sijasoma huko juu. Kwa nyuki wa Shauri naruhusiwa Uhai 3?

19:50 - Zu: Arete yako ngapi

19:52 - Salum: 2

19:52 - Zu: Basi Uhai 2

20:15 - Zu: Hamza, Fundi Chidi mwandikie Nguvu 4. Sitaangalia karatasi yake

20:31 - Salum: Yeye 4 kwa nini?