Hii kozi ya sivike na morali (uraia na maadili) inafundisha watoto nini kabisa?

Mama_Bagira: Jambo bandugu. Binti yangu iko mwaka wa tano primeri hapa Bukavu, bulletini imekuja na 9/10 ya sivike na morali, nikafurahi. Nikamuuliza uaminifu ni nini, akanisomea definisio bila hata kupumua. Kesho yake namtuma samaki sambaza sokoni, chenji inarudi nusu na maneno mengi juu. Sasa nauliza, kitu gani wanasoma mule?

Mwalimu_Kivu: Mama, mimi nafundisha hiyo kozi. Iko familia, mali ya wote, haki na wajibu, Katiba. Ikibaki kwenye ubao mtoto anakariri juu ya egzame, ikipita anasahau. Mimi naletaka kesi. Motari, yule wa pikipiki ya taksi, ameokota simu ya mteja, nyumbani hawajakula tangu jana, mwenye simu anapiga, afanye nini? Kijana moja akasema arudishe ila aombe ya mafuta, binti akamjibu na kama mwenyewe hana kitu je, basi kalasi yote ikawaka mpaka kengele ikalia na wao bado wanabishana. Pale ndo wanajifunza kutoa sababu, na kusikiliza mwenye hafikiri kama wewe.

Etudia_Nyawera: Mwalimu mmoja kama wewe, sawa. Lakini kule nilisoma mimi, asubuhi tunaandika "rushwa ni mbaya", mwisho wa mwaka mtu anapita na orodha ya wenye wanataka kuongezewa pointi. Elevu, mwanafunzi, haoni mbili, anaona moja: uzuri ni wa kuandika kwenye daftari tu.

Papa_Kadutu: Ndugu nakuelewa, ila wangu alisoma mulemule kwamba kipengele 43 cha Katiba ya Congo ya 2006 kinasema primeri ya serikali ni ya bure, akanijia na daftari, "Papa, mbona bado tunaombwa pesa, na bure ilianza 2019?" Nikaenda naye kwa direkta, tukauliza kwa heshima. Pesa hatukuombwa tena. Lile swali kozi ndo ilimpa.

Yaya_Ibanda: Na muangalie pia nani anaandika kozi. 1974 serikali ya Mobutu ilichukua shule za makanisa, dini ikatolewa, bazazi wetu wakafundishwa siasa ya MPR, chama cha Mobutu, na kuimba sifa za mukubwa wa nchi, makanisa yakarudishiwa usimamizi 1977. Morali ya kutii peke yake inatoa mtoto muoga, hata ubaya atauitikia. Mimi nataka mtoto mwenye anaweza kusema hapana kwa adabu.

Mama_Bagira: Asanteni sana. Mwalimu, uko na kesi nyingine ya umri wake? Nataka nijaribu leo jioni.

Mwalimu_Kivu: Iko. Rafiki yake anaomba amuonyeshe jibu kwenye egzame, na ni yule alimgawia mkate siku alikuwa na njaa. Muulize afanye nini, kisha unyamaze mama, hata akikawia kujibu.