Jamaa wa zege kanidhalilisha mbele ya foleni nzima!!!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Sijala mpaka saa hii.

Yule jamaa wa zege (chipsi mayai) pale Sinza, sina haja ya kumtaja, mnamjua wote. Mwenye kofia nyekundu, anayekaanga huku simu kaibana begani. Huyo huyo.

Nimefika, nimesalimia kwa adabu. Nikamwambia, "Kaka, nipigie zege, halafu hii ndizi mbivu nikatie humo humo kabla yai halijashika." Ndizi nimenunua mwenyewe kwa mama wa matunda, sijamgusa hata mia yake. Jamaa akakata simu (huyu hakati simu hata jiko likilipuka), akainua mwiko juu, akauliza kwa sauti ya mnadani:

"Bosi, mimba ina miezi mingapi?"

MIMI. Na ndevu zote hizi. Foleni ikalala chini. Konda wa daladala kaacha kuita abiria ili acheke, gari likamwacha. Kuna bibi hana jino hata moja, kacheka mpaka kashika nguzo. Mimba! Tena anataka na miezi!

Mji huu watu wanakula embe bichi kwa chumvi na pilipili barabarani, haulizwi mtu. Pilau ya shughuli inakuja na ndizi mbivu pembeni, kimya. Urojo una embe, bajia, kachori na viazi kwenye bakuli moja, mnausifia. Mimi ndizi moja tu, nishabeba mimba.

Sirudi pale. Mimba!

Mzaramo Halisi: Pole mkuu. Ila hujajibu swali, ina miezi mingapi?

Dada Tabata: 😂😂😂 Kliniki umeanza? Usisahau kadi.

Chumvi Kidogo: Mcheke, lakini kitaalamu mleta mada yuko sawa. Chumvi inakata uchungu, utamu unatokeza zaidi. Ndiyo maana nanasi lenye chumvi linanoga. Pizza yenye nanasi nayo ilianzia Kanada mwaka 1962, kwa Mgiriki mmoja, Sam Panopoulos. Mwaka 2017 rais wa Aisilandi akatania kwamba angekuwa na uwezo angepiga marufuku nanasi kwenye pizza, ikawa gumzo dunia nzima.

Mzaramo Halisi: Kwa hiyo na rais naye alimuuliza mtu mimba?

Mleta mada: Nyie ni walewale. Mlikuwepo kwenye foleni nini?

Mtu wa Tanga: Kwetu mahamri matamu yanaliwa na mbaazi za nazi, asubuhi, na wanaume wazima. Bara mnashangaa kila kitu.

Msukuma Mjini: Mbaazi na andazi la sukari? Aisee, nyie ndio mnatakiwa kliniki.

Mtu wa Tanga: Wewe unayekula ugali na maziwa mgando unamwambia nani?

Msukuma Mjini: Mgando uache kabisa. Mgando usiuguse.

Bachela wa Kimara: Tuacheni hayo. Huyo jamaa wa kofia nyekundu tomato yake ni maji yenye rangi. Unamwagia, chipsi zinaogelea. Hilo hakuna anayelifungulia uzi.

Dada Tabata: Na kachumbari! Kitunguu kitupu, nyanya unaitafuta kwa tochi.

Bachela wa Kimara: Chenchi nayo anakupa pipi. Nina pipi za kufungulia duka.

Mleta mada: Jamani, mada ni MIMBA.

Dada Tabata: Mkuu tulia, presha si nzuri kwa hali yako.

Mama Kigogo: Afadhali nyie wa pipi. Wa kwetu anakaangia mafuta ya tangu juzi, chipsi zinatoka nyeusi, ukiuliza anakwambia ndiyo zimeiva. Nani anajua banda zuri Kigogo?

Msukuma Mjini: Kigogo ipi, ya kwa juu au ya bondeni?