Kikundi cha Ukoo: Spika za Kanisani

Bibi: Wanangu, leo nimetoka kanisani na makelele tu masikioni. Neno hata moja sikulipata.

Mjomba: Shikamoo mama. Ndiyo maana kamati tunataka kuongeza spika mbili kubwa.

Bibi: Marahaba.

Baraka: Shikamooni. Mjomba samahani, hizo spika zitammalizia Bibi hata kile kidogo anachoambulia.

Mjomba: Kivipi? Mtu hasikii, unaongeza sauti.

Baraka: Bibi, hukusikia sauti au hukuelewa maneno?

Bibi: Sauti naisikia mpaka kifuani! Mhubiri akisema "msamehe", mimi napata "ehe ehe ehe".

Shangazi: 😂😂😂

Baraka: Basi huo ni mwangwi. Ukuta wa saruji, sakafu ya vigae, madirisha ya vioo, hakuna kinachomeza sauti, inadundadunda tu. Silabi ya kwanza haijafa, ya tatu imeshaingia. Ukiongeza spika, mwangwi nao unaongezeka.

Mjomba: Unakisia wewe.

Baraka: Jana kwaya ilipoondoka nilipiga kofi moja katikati ya kanisa, simu inarekodi. Sekunde karibu nne ndipo likafa. Mahubiri yanataka kama sekunde moja hivi.

Shangazi: Msituulie kwaya jamani, huo mwangwi ndio unaotupendezesha!

Baraka: Kweli Shangazi, waimbaji wanauhitaji kiasi. Hatuumalizi wote.

Mama Baraka: Mbona ile sikukuu watu walijaa hadi mlangoni na tukasikia vizuri?

Baraka: Ni hao watu mama, miili na nguo zao zilimeza sauti. Mwaka 1895 Wallace Sabine wa chuo cha Harvard alikabidhiwa ukumbi usioeleweka neno. Akawa anahamisha matakia ya viti kutoka ukumbi mwingine usiku, anapima sauti inakufa baada ya muda gani. Kila akiongeza matakia, sekunde zinapungua.

Mjomba: Kwa hiyo tubandike trei za mayai ukutani? Nimeona mahali.

Baraka: Hapana Mjomba! Sauti nzito hazizuii, na zinashika moto upesi. Mapazia mazito yenye mikunjo ukuta wa nyuma, maana huo ndio unaoturudishia sauti. Matakia kwenye mabenchi. Halafu spika ndogo nne kwenye nguzo, sauti ya chini, zimwelekee mtu na si dari. Za nyuma zicheleweshwe kidogo kwenye mitambo. Sauti hutembea kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita 34 kutoka mbele inamfikia sehemu ya kumi ya sekunde baadaye. Spika ya karibu yake ikiwahi, anasikia kila neno mara mbili.

Mjomba: Mh. Kesho jioni kamati inakaa. Njoo upige hilo kofi mbele yao.

Baraka: Nakuja.

Bibi: Na mhubiri naye aambiwe maiki inakaa karibu na mdomo. Anaishika kiunoni kama tochi.