Naomba ushauri: kufundisha densi ya tumbo huku nikiendelea kutumbuiza

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wale wanaojipatia riziki kwa densi ya tumbo, hasa raks sharki, mtindo wa Misri uliokuzwa katika kumbi za Cairo kama ule aliofungua Badia Masabni miaka ya 1920. Nimezoea kutumbuiza kwenye hafla, na sasa baadhi ya watazamaji wananiomba niwafundishe. Tatizo ni kwamba mambo ambayo mwili wangu umeyazoea sijui kuyaeleza kwa maneno. Kwa mfano, ninapotetemesha nyonga, magoti hulegea na kupishana haraka huku kifua kikitulia, lakini anayeanza hukaza mapaja, hubana pumzi, na mtetemo wote humpanda mabegani. Je, mwalimu atangulize mkao na upumuaji, au midundo kama maksum na saidi ili sikio liongoze nyonga? Mimi naegemea midundo, ingawa wenzangu wananipinga.

Kubwa zaidi ni malipo. Mwenye hafla akitaka nije na wanafunzi wangu, kisha akadai wacheze bure kwa kuwa bado wanajifunza, mnamjibuje bila kupoteza kazi? Naona jambo hilo linashusha bei ya kila mchezaji, lakini nao wanahitaji jukwaa. Wenye mikataba ya maandishi, tafadhali nielezeni huwa mnaandika nini kuhusu muda, aina ya sakafu, chumba cha kubadilishia mavazi na watu wanaopiga video.